Kichwa cha Mwana wa Kinyozi

Sasa ni mtu mzima, fundi wa lifti, baba wa watoto. Ukimkuta kazini amening'inia kwa mkanda ndani ya shimo la jengo refu, mikono imejaa grisi, huwezi kudhani kuna mtu anayethubutu kumwita Kipara. Lakini wenzake aliokua nao wanamwita hivyo hivyo, na yeye anaitika. Nywele anazo, tena zimejaa. Jina alilipata kwa baba yake, na alipofika umri wa miaka kumi na mmoja alijaribu kulivua. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Baba yake alikuwa kinyozi. Duka lao lilikuwa chini ya jengo la ghorofa: chumba kimoja chembamba, viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu kilichoanza kuingia madoa pembeni, na harufu ya spiriti na poda iliyokuwa ikiwafuata baba na mtoto hadi juu nyumbani kwa mama, ghorofa ya tatu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajatia mguu, baba alimkalisha mwanawe kwenye kiti cha mlangoni, akamnyoa mpaka kichwa kikang'aa, kisha akamtuma huku na huko mtaani.

"Wewe ndiye bango langu," alikuwa akimwambia. "Bango la mbao linakaa mahali pamoja. Wewe unatembea."

Kipara hakuwa na tatizo na kazi ya ubango. Alizaliwa akanyolewa, akakua akinyolewa, na hakuwahi kuziona nywele zake zikiwa ndefu kuliko punje ya mchele. Mambo yalibadilika siku umeme ulipokatika.

Ilikuwa asubuhi, duka limejaa. Kwenye kiti alikaa dereva wa teksi mmoja mnene, mwenye haraka zake, na mashine ikazimika akiwa amenyolewa upande wa kulia tu. Baba akabonyeza swichi, akaipigapiga mashine, akatoka nje kuangalia. Upande wao wote wa barabara haukuwa na umeme. Upande wa pili, kwenye saluni mpya ya kina mama iliyofunguliwa wiki hiyo, feni zilikuwa zinazunguka kama kawaida.

"Kimbia pale," baba akasema. "Muombe mama wa watu umeme. Kwa adabu."

Kipara akavuka barabara mbio, akasimama mlangoni mwa saluni. Kina mama wote wakageuza vichwa, wenye rasta, wenye taulo, wenye kofia za joto.

"Shikamoo, mama. Baba anaomba umeme."

"Marahaba. Anaomba nini?" akauliza mwenye saluni, mwanamke mrefu mwenye vidole virefu zaidi, ambaye watu walishaanza kumwita Mama Shoto.

"Umeme. Kidogo tu. Wa nusu kichwa."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Kipara hakujua pa kuuficha uso. Muda si muda baba yake akaingia na mashine mkononi, nyuma yake dereva wa teksi na taulo shingoni, nusu mtu wa heshima, nusu kichaka, na kina mama wakacheka upya hadi mmoja akaomba kofia ya joto izimwe kwanza apumue. Mama Shoto akawapa kiti na soketi, na kazi ikaendelea.

Kipara akajibanza kwenye kona. Hapo ndipo alipomwona.

Alikuwa msichana wa rika lake, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na mbele yake amesimamisha fagio la kudekia, lile la nyuzi ndefu, kichwa juu mpini chini. Alikuwa analisuka. Nyuzi zile chafuchafu alishazipasua njia katikati, na upande mmoja ulikuwa na mistari iliyolala kwa utaratibu kabisa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukienda mbio, na huku anasuka alikuwa anaongea na fagio kwa sauti ya mama yake.

"Tulia, dada. Shingo usiipinde. Ukipinda shingo mstari unakwenda sokoni, wewe unakwenda kazini."

Kipara akacheka. Msichana akainua macho, akamtazama kwa kumpima.

"Unacheka nini? Kama unacheka, lete kichwa chako nikisuke."

Kisha akakiona kichwa chenyewe.

"Hicho ni kichwa au yai?"

Maneno hayo hayakuwa mageni. Mtaani alishaitwa yai, tikiti, balbu, na alikuwa akijibu na kupita. Lakini siku ile aliporudi dukani alisimama mbele ya kioo kirefu akajitazama, na kwa mara ya kwanza maishani akaona haya kwa kutokuwa na nywele.

Baadaye alikuja kuelewa kisa cha fagio. Binti wa msusi aliitwa Shoto kwa sababu ya mkono wake. Mama yake alikuwa fundi hasa, lakini alisuka kwa mkono wa kulia na kufundisha kwa mkono wa kulia, na kila alipomwona binti ameshika chanuo kwa kushoto alilichomoa akalihamishia upande wa pili. Kwa mkono wa kulia Shoto alisuka vibaya. Kwa mkono wa kushoto hakuruhusiwa kugusa kichwa cha mteja. Wasichana wenzake nao hawakutaka kuwa wa majaribio. Kwa hiyo alibaki na fagio, na jioni fagio lilifumuliwa likadeki sakafu.

Jumamosi iliyofuata, baba alipotandika taulo, Kipara hakupanda kitini.

"Baba, naomba niache nywele."

"Kwa nini?"

Alikuwa ameandaa uongo wa kila aina, lakini akaishia kusema kitu cha kweli, ingawa si ukweli wote. "Nataka kuziona. Sijawahi kuziona tangu nizaliwe."

Baba akamtazama, mashine inanguruma mkononi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaizima asije akajikata.

"Haya, zione. Lakini zikifika masikioni mimi na wewe tutaonana."

Nywele huota polepole, na kwa mtu anayezisubiri huota polepole zaidi. Muhula mzima Kipara alizilaza kwa maji ya bomba kabla ya kuingia darasani na kuinamisha kichwa wakati wa ukaguzi. Kila alipopata nafasi alivuka barabara kwa kisingizio chochote: kurudisha kiti cha kuazima, kuuliza saa, kumpelekea Mama Shoto salamu ambazo baba hakuzituma. Shoto alikuwa akizipima nywele zake kwa kuzibana kwa vidole viwili.

"Bado."

Juma lingine tena: "Bado. Unakula kweli wewe?"

Kula ndiko kulikoanza kumshinda. Chakula kikiwekwa mezani anakitazama tu. Usiku anageukageuka. Akisikia mlango wa chuma wa saluni unainuliwa asubuhi, moyo unamwenda mbio kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakujua ni nini, na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye akili akaamua kuuliza.

"Baba, mtu akikosa hamu ya kula, na moyo unampiga, ana ugonjwa gani?"

"Minyoo," baba akajibu bila kuinua macho, na jioni ile akaja na dawa.

Ilikuwa chungu kweli. Kipara aliimeza yote, akalala, akaamka, na mlango wa saluni ulipoinuliwa moyo ukamwenda mbio vilevile.

Likizo ndefu ilipoanza, Shoto akazibana nywele, akasema, "Leo." Walikaa uani nyuma ya saluni, pale panapoanikwa taulo, yeye kwenye kiti kirefu, Kipara kwenye kigoda mbele yake. Kipara alikuwa ameiota siku hiyo kwa miezi. Kitu ambacho hakukiota ni maumivu. Nywele zilikuwa fupi, Shoto alizivuta kutoka kwenye mizizi, na kila alipokaza Kipara aliona nyusi zake zinapanda kwenda paji la uso.

"Inauma?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Upepo."

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa taulo. Alijikaza. Mstari wa kwanza ukapinda, Shoto akaufumua. Akausuka tena, akaufumua tena. Hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Akikosea alisonya, lakini alijisonya mwenyewe, na alipopatia aliimba kwa pua wimbo usio na maneno. Kipara alijifunza kuzijua hali zake bila kumwona, kwa vidole na sauti tu. Mara moja akamwambia, kwa kuwa alikuwa amelifikiria jambo hilo muda mrefu:

"Mkono wako wa kushoto hauna kosa lolote."

Vidole vikasimama. "Nani kakwambia?"

"Kichwa changu ndicho kinachosukwa. Nisipojua mimi atajua nani?"

Baada ya hapo mkono wake haukusita tena, na kabla jua halijazama kichwa kizima kilikuwa kimekwisha, mistari myembamba iliyoanzia nyuma ya sikio la kushoto ikazunguka na kukutana kisogoni.

Kesho yake Kipara alikwenda uwanjani kama kawaida. Yeye ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya mtaa, na uwanja wenyewe ulikuwa eneo la maegesho ya jengo ambalo halikumalizwa. Vijana walipomwona wakaacha mpira ujiendee.

"Bibi harusi kaja!"

"Jamani, golini leo anasimama dada yake!"

Walimwimba, wakampigia vigelegele, wakakataa kumpasia. Timu ilifungwa ovyo, na kila goli lilipoingia lawama ilikuwa ya nywele. Kipara alisimama kati ya mawe mawili ya goli, masikio yanawaka moto, hakutoka. Shoto alikuwa akiona yote kutoka ngazi za jengo lile lisilomalizwa. Mchezo ulipokwisha alishuka mbio, chanuo mkononi, macho mekundu.

"Kaa chini. Nakufumua sasa hivi."

"Kwa nini?"

"Si unaona wanavyokucheka?"

"Wananicheka mimi," Kipara akasema. "Ukizifumua leo watasema hujui kusuka. Ziache."

Shoto akabaki ameshika chanuo. Siku nyingi baadaye angemwambia kwamba pale ndipo alipojua. Kwa wakati ule alisema tu, "Basi tembea wima, usiniharibie kazi," na wakarudi wote wawili mtaani wakitembea wima, wakipita katikati ya waliokuwa wanacheka.

Habari ilimfikia baba kabla wao hawajafika. Kinyozi alikuwa mtu mpole, lakini mteja wake mmoja alikuwa ameshamtania kwamba mashine zake zimekufa ndiyo maana mwanawe amehamia kwa wapinzani. Alipomwona Kipara mlangoni alimshika mkono, wakavuka barabara. Shoto akafuata nyuma, chanuo bado mkononi.

Saluni ilikuwa na watu. Mama Shoto alikuwa amesimama nyuma ya mteja, mwalimu fulani wa kike.

"Mama Shoto, samahani kwa kuingia hivi," baba akaanza. "Mimi na wewe ni majirani wema. Lakini hebu tazama binti yako alivyomfanya mwanangu. Mimi ni kinyozi! Mtu atapita mbele ya duka langu aone nini? Hebu tazama hapa!"

Akakigeuza kichwa cha mwanawe kwenye mwanga wa dirisha ili ushahidi uonekane. Na hapo, kwa kuwa ni mtu aliyeishi maisha yake yote na vichwa vya watu, macho yakaanza kumsaliti.

"Hebu tazama hii mistari... ilivyo..." Akainama. Akapitisha kidole gumba kutoka sikioni hadi kisogoni, taratibu. "Njia zimelingana," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Hata mimi na mashine siwezi kuzungusha hivi."

Mama Shoto akaacha kichwa cha mteja. Hakuwahi kuangalia yanayofanyika uani. Alidhani ni michezo ya watoto. Akaja, akavaa miwani, akaanza kukagua kama anayetafuta kosa.

"Nani kakufundisha kuanzia huku?" akamuuliza binti yake.

"Hakuna, mama. Ndiko mkono wangu unakoanzia."

"Na umezungushaje bila kuvuta sana huku pembeni?"

"Nimejaribu mpaka ikakubali. Yeye alikaa tu. Hakulalamika hata mara moja."

Mama Shoto akamgeukia Kipara, akakishika kidevu chake. "Mwanangu, kichwa hiki kimesukwa na kufumuliwa mara ngapi?"

"Sijui, mama. Nyingi."

"Na hakikuuma?"

"Kidogo."

Mwalimu kwenye kiti, ambaye alikuwa ameachwa na nywele nusu zimesimama, akakohoa. "Mimi nasema hivi, Mama Shoto. Kama hutajali, nataka hiyo hiyo ya mtoto. Na anisuke aliyeisuka."

Mama akanyoosha mkono, akachukua chanuo kutoka kwa binti yake. Kipara akadhani linahamishiwa kulia kama siku zote. Lakini alilifuta kwenye aproni yake, akalirudisha kwenye mkono ule ule wa kushoto.

"Sogeza kigoda upande wa pili wa kiti," akasema. "Mwanga unatakiwa ukujie huku."

Baba na mwana walirudi dukani. Baba akafagia sakafu iliyokuwa safi. Mwishowe akasema, "Ile haikuwa minyoo."

"Hapana, baba."

"Pole kwa dawa."

Shule ilipokaribia kufunguliwa tangazo lilitoka kwamba wavulana wote warudi wamenyolewa. Shoto mwenyewe ndiye aliyemfumua, taratibu, mstari kwa mstari, na baba akamnyoa. Baada ya hapo Kipara akaacha kuvuka barabara. Alijiona hana cha kupeleka. Alimwona Shoto kupitia vioo viwili na magari yanayopita, mteja huyu anatoka, yule anakaa, na akajiambia kwamba mwenye kazi yake asisumbuliwe. Juma zima likapita hivyo, mpaka jioni moja Shoto akavuka mwenyewe, akasimama mlangoni mwa kinyozi mikono kiunoni.

"Mbona huji?"

"Sina nywele."

"Kwani mimi nilikuwa naongea na nywele?"

Baba akakumbuka ghafla kwamba ana taulo za kuanika, akatoka.

Wakawa wanakaa kwenye ngazi za jengo la kina Kipara baada ya saluni kufungwa, wakimenya karanga, wakiyatazama magari yanavyowasha taa. Ni hapo Kipara alipopiga moyo konde akamwambia kwamba anampenda. Aliyasema hayo akiwa anatazama basi lililokuwa linapita, si Shoto. Shoto akamrushia ganda la karanga.

"Najua. Mimi nilijua siku ile uwanjani. Na mimi vilevile. Ila usimwambie mtu, mama atasema nacheza kazini."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao: karanga, ngazi, na siri ambayo mtaa mzima ulikuwa unaijua. Yalidumu hadi mwenye jengo la saluni alipotaka kulibomoa. Mama Shoto akapata mahali pengine, upande wa pili wa mji, na kwa mtoto asiye na nauli upande wa pili wa mji ni nchi nyingine. Siku vioo vilipopakiwa kwenye gari Shoto alimpungia mkono akiwa amekaa juu ya mashine ya kukaushia nywele, na Kipara akasimama barabarani mpaka dereva mmoja akampigia honi.

Hakulia mbele ya watu. Alilia dukani, nyuma ya pazia la stoo. Baba alimsikia, akamalizia ndevu za mteja aliyekuwa kitini, akawaomba radhi waliokuwa wanasubiri, kisha akafanya jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona: akafunga duka mchana kweupe.

"Vaa viatu," akasema. "Tunakwenda kuona anapokaa."

"Ni mbali, baba."

"Mji huu ni mkubwa, ndiyo. Lakini unatembeleka."

Wakatembea. Wakapita soko la vyuma, wakapita hospitali, wakavuka daraja la waenda kwa miguu, wakauliza njia, wakapotea, wakauliza tena. Walipofika, Mama Shoto alikuwa anapigilia misumari ya kioo na Shoto ameshakalia kigoda, mteja mbele yake. Alipowaona alipiga ukelele hadi mteja akaruka. Wakapewa maji, wakakaa, wakacheka habari ya nusu kichwa cha dereva wa teksi, na Kipara akaona kwa macho yake kwamba Shoto hajaenda nchi nyingine. Yuko tu kwenye mtaa mwingine, anafanya kazi anayoiweza, na hana huzuni.

Kipara alikwenda tena mara kadhaa, kisha mara chache, kisha masomo na maisha yakashika nafasi zao, kama inavyokuwa. Shoto ana saluni yake leo, na wasusi anaowafundisha hawahamishwi chanuo. Mke wa Kipara, yule fundi wa lifti, husukwa huko, na hadithi hii huisikia kila mara kwa nyongeza mpya.

Lakini jioni ile ya safari ya kwanza, wakati wa kurudi, Kipara alikuwa amechoka na baba yake alikuwa anachechemea kwa sababu ya kiatu. Walikaa kwenye ukingo wa daraja wapumzike, magari yanapita chini yao.

"Mimi nilikuwa na umri kama wako," baba akaanza, akijikanda kisigino. "Alikuwa binti wa fundi viatu."

"Ndiye mama?"

"Siye. Na usimwambie."

"Alikuwaje?"

Baba akatabasamu kwa namna ambayo Kipara hakuwahi kuiona, akavaa kiatu chake, wakaendelea na safari, na akamsimulia njia nzima mpaka nyumbani.